Maswali Yenu: Tsunami, kijiji cha pwani, na nani alale wapi

Tangu tuguse habari ya tsunami kwenye safu hii barua hazijakatika, nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwamba sisi tunaokaa ufukweni tujipangeje, tuhame, tujenge ukuta, tupande mikoko, au tumuachie Mungu. Nimechagua sita. Nimezifupisha kidogo ila maneno ni yenu.

Shikamoo mtaalamu. Mi ni mjumbe wa kamati ya ardhi, kijiji chetu kiko ufukweni kabisa, nyumba za mbele ukifungua mlango unakanyaga mchanga. Tumeambiwa tuandae mpango wa matumizi ya ardhi na ndani yake tuweke tahadhari ya tsunami. Wenzangu wananiuliza karatasi itazuiaje wimbi? Na tunaanzia wapi, injinia hatuna, kompyuta hatuna.

Marahaba mjumbe. Wenzako wameuliza vizuri, usiwaone wakorofi. Karatasi haizuii wimbi. Ila karatasi ndiyo inayoamua wimbi likija usiku wa manane litawakuta akina nani wamelala pale, na hilo kijiji kinaweza kuanza kuliamua hata kabla injinia hajafika.

Kwanza muelewane tsunami ni kitu gani, maana wengi wanawaza ni wimbi la upepo lililokua zaidi kidogo. Wimbi la upepo linacheza juu juu. Tsunami ni maji yote kuanzia sakafu ya bahari mpaka juu, yaani tetemeko likinyanyua sakafu, au mteremko ukiporomoka huko chini, maji yote yaliyokaa juu yake yanahama kwa pamoja. Penye kina cha mita 4,000 linakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege, na aliye kwenye boti huko hata hahisi kitu. Likifika kina cha mita 10 limepungua mpaka kama kilomita 36 kwa saa, bado hakuna binadamu wa kulishinda mbio, na kwa sababu mbele limepunguza mwendo na nyuma bado linakuja, maji yanapandiana. Halafu halivunjiki likarudi kama mawimbi mliyozoea, linaendelea kuingia kwa dakika kadhaa, bahari inakuwa kama imehamia kijijini, na likirudi linakokota kila lilichong'oa. Wala sio moja, yanafuatana, kati ya moja na jingine inaweza kuwa dakika kumi au saa nzima, na la kwanza mara nyingi silo kubwa. Watu wengi wamekufa kwa kurudi kuangalia nyumba baada ya la kwanza.

Ndio maana cha kupima kwanza ni mwinuko wa ardhi, umbali kutoka baharini unafuata. Kuna watu wanakaa mita 200 kutoka majini lakini juu ya kilima wako salama, na wengine wako kilomita 2 ndani kwenye ardhi bapa wamefikiwa. Na mwinuko mnaweza kuupima wenyewe. Mtafuteni fundi ujenzi yeyote mwenye ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, anaoujaza maji akipima levo ya msingi. Anzeni kwenye alama ya juu kabisa ambayo maji ya bamvua huwa yanafika, wazee wa bahari wanaijua bila kubahatisha, halafu pandeni nao mpira huo hatua kwa hatua, kila mkipanda mita moja mnapigilia kigingi na kukipaka rangi. Siku mbili tatu mtakuwa na mistari ya kontua kijiji kizima, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, tena mistari ambayo kila mtu ameiona ikipita mbele ya mlango wake, sio ya kwenye faili. Kisha mwende kwenye taasisi inayohusika na matetemeko na hali ya hewa mkaulize wimbi linalotarajiwa kwenu ni la mita ngapi na linachukua dakika ngapi kufika. Hizo namba mbili ndio msingi wa kila kitu, bila hizo mnakisia, na mkizipata sasa vigingi vyenu vinaanza kuzungumza.

Nikwambie kitu nilichokiona mwenyewe. Kuna kijiji tulichora ramani chini mchangani kwa kijiti, kubwa kama uwanja wa mpira wa watoto, nikawaomba kila nyumba iweke vijiwe, cheupe kwa kila anayeweza kukimbia, cheusi kwa kila anayehitaji kubebwa au kushikwa mkono, mtoto mchanga, mgonjwa, mzee, mama aliyekaribia kujifungua. Watu walikuwa wanacheka wakiweka vijiwe, halafu kicheko kikapungua chenyewe, maana vijiwe vyeusi vyote vilikuwa vimejikusanya mstari wa mbele karibu na boti. Sababu ni kwamba nyumba za mbele ndizo za zamani, wazee wamebaki humo na wajukuu, vijana wakioa wanajenga nyuma huko juu. Bibi mmoja akainama akachukua kijiwe chake cheusi akakaa nacho mkononi, hakukirudisha. Kikao kile hakikuhitaji hotuba yangu tena.

Kwa hiyo mkishakuwa na mistari na vijiwe, gawanyeni. Sehemu ya chini kabisa wekeni vitu ambavyo vikipotea vinauma lakini havizikwi, yaani mabanda ya nyavu, karakana ya boti, sehemu ya kuanikia, minazi, mashamba, kiwanja cha mpira. Sehemu ya juu ya kigingi cha hatari, yaani kile ambacho mmeambiwa maji yanaweza kufika, ndiko ziende shule, zahanati, tangi la maji, jenereta, ghala la chakula cha akiba, na nyumba za wale wa vijiwe vyeusi. Katikati pale ndipo penye ubishi na msikimbie ubishi, mtu anaweza kuishi hapo kwa masharti, nyumba imara, na njia ya kupandia isiyozidi dakika kadhaa.

Na hiyo njia ya kupandia iandikeni kwenye mpango kama ardhi ya umma, pana ya watu wanne kwa safu, isiyopita chini ya kuta za matofali ambazo tetemeko litaziangusha. Nasisitiza hili kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kuibiwa. Mtu anauza kiwanja, mnunuzi anajenga ukuta, njia iliyokuwa moja kwa moja mlimani sasa inazunguka nyumba sita, na hakuna aliyesema kitu maana jirani ni jirani.

Ndugu mtaalamu, sisi ni wavuvi, mimi na mume wangu na kaka zangu wote. Tunaambiwa tuhame tuende kilomita mbili juu kwa ajili ya usalama. Nani atalala na boti zetu? Na tumeshasikia kwingine watu walihamishwa kwa jina la usalama baadaye ufuo ukajengwa mahoteli. Tukikataa tunaitwa wabishi. Je sisi ni wabishi?

Hapana mama, sio wabishi, na ntakujibu kwa urefu maana hapa ndipo mipango mingi imekufia.

Uliyoyasikia yametokea. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, ile iliyoua watu wapatao 230,000 kuzunguka Bahari ya Hindi, serikali ya Sri Lanka ilitangaza ukanda wa kutojenga, mita 100 kutoka baharini upande wa kusini na magharibi na mita 200 upande wa kaskazini na mashariki. Wazo lilikuwa la kulinda watu. Lakini mstari ule ulipigwa kwa rula, haukuangalia mwinuko, kwa hiyo mwenye nyumba juu ya mwamba alikatazwa kujenga na mwingine aliye nje kidogo ya mstari kwenye bonde akaruhusiwa. Hoteli zikapata nafasi ya kubaki na kukarabatiwa wakati mvuvi anaambiwa ondoka. Familia zikapewa nyumba mbali na bahari, mtu anaanza kulipa nauli kwenda kwenye kazi aliyokuwa anaifuata kwa miguu. Mwisho wake masharti yakalegezwa, watu wakarudi, na ile imani iliyopotea haikurudi nao.

Sasa usichukue hilo ukasema basi kuhama ni uongo. Nenda Japan, pwani ya Sanriku kaskazini-mashariki, ambako mwaka 1896 wimbi liliua watu kama 22,000, tena mtikisiko uliosikika ulikuwa mdogo watu hawakushtuka. Kijiji cha Yoshihama baada ya lile janga walipandisha makazi juu ya mteremko na bonde la chini wakaliacha mashamba. Mwaka 1933 likaja jingine, wakakaza zaidi. Mwaka 2011 lilipokuja lile kubwa kuliko yote, bonde likafunikwa, mashamba yakaharibika, na kijiji kizima kikampoteza mtu mmoja. Mmoja, mama, wakati miji jirani inahesabu mamia. Na Aneyoshi, kitongoji kidogo cha pwani hiyohiyo, mwaka 1896 kilibaki na watu wawili na mwaka 1933 wakabaki wanne, waliobaki wakasimamisha jiwe juu mlimani lenye maandishi ya kukataza kujenga nyumba chini ya hapo. Mwaka 2011 maji yalipanda karibu mita 39 kwenye bonde lile, yakaishia chini ya jiwe, nyumba zote zilikuwa juu yake.

Lakini pwani hiyohiyo vijiji vingine vilihama halafu vikarudi, na ndio funzo lenyewe lilipo. Kuna mwanajiografia Yamaguchi Yaichiro, alitembea vijiji vile baada ya 1933 akiuliza kwa nini watu wanarudi kwenye makaburi ya ndugu zao. Majibu aliyoyapata ungedhani umeyaandika wewe. Huko juu ni mbali na boti. Maji ya kunywa hakuna. Ardhi ya chini ni ya babu, mrithi hawezi kuiacha. Msimu wa samaki ukiwa mzuri, aliyebaki chini anawahi kuliko aliyepanda. Na wageni waliohamia baadaye hawakuliona wimbi, wakajenga pale penye nafasi. Mmoja anatangulia na kibanda, anaweka godoro siku za kazi nyingi, mwaka unaofuata ameezeka vizuri, mwaka wa tatu mke na watoto wamefuata, jirani anaona mbona fulani yuko.

Kwa hiyo mama, msikubali na msikatae kabla hamjajibiwa maswali. Kwanza kwa nini kilomita mbili? Kama kuna mwinuko wa kutosha mita 400 kutoka kwenye diko, hapo ndipo pa kwenda, kilomita mbili anaitaka nani? Pili maji na barabara vifike kabla ya familia ya kwanza kuhama, sio ahadi. Tatu ufuo uandikwe kwenye mpango kwamba ni ardhi ya pamoja ya shughuli za uvuvi, haiuzwi, haikodishwi kwa muda mrefu, na sharti la kutojenga pa kulala limhusu kila mtu, mwenye hoteli naye akiwemo, kama si salama kwa mtoto wako kulala pale basi si salama kwa mgeni. Nne hilo la boti, jengeni banda la walinzi la zamu, watu wazima wawili watatu wenye nguvu, redio na njia fupi ya kupanda, ndio walale pale. Boti zinahitaji macho mawili, hazihitaji familia nzima. Na injini zibebwe juu usiku, mkitengeneza njia nzuri ya mkokoteni haitakuwa adhabu.

Yakitimizwa hayo manne, mama, naomba muhame. Nakuomba kwa moyo wangu wote. Yasipotimizwa mkibishana nao niko upande wenu.

Mtaalamu, mimi ni mwalimu. Shule yetu iko mita 150 kutoka baharini na kijiji kizima ni tambarare, kilima cha karibu ni mwendo wa saa nzima. Huo mpango wa kupanda juu sisi tutapanda wapi?

Mwalimu, kabla ya kukujibu ngoja nikutajie shule ya msingi ya Okawa, Japan. Mwaka 2011 walimu na watoto walikaa uwanjani karibu dakika 50 baada ya tetemeko wakijadiliana waende wapi, na nyuma ya shule kulikuwa na mlima. Walikufa watoto 74 na walimu 10. Wewe mlima huna, lakini muda wa kujadiliana uwanjani nawe huna, kwa hiyo jibu lazima liwepo ardhini kabla.

Piga hesabu hivi. Mtoto mdogo aliyeshikwa mkono au mzee mpe nusu mita kwa sekunde, usimpe zaidi. Kama wimbi linafika kwenu dakika 20, toa 5 za tetemeko lenyewe na kukusanyana, zimebaki 15, hizo ni mita 450. Huo ndio urefu wa kamba yenu. Kila penye mtu wa kulala au wa kusoma lazima pawe na mahali pa juu ndani ya mita 450, na usiipime kwa macho, itembee na darasa la kwanza, tena itembee usiku na mvua ikinyesha.

Penye ardhi bapa mahali pa juu panatengenezwa. Njia moja ni jengo lenyewe kuwa mlima. Westport kule jimbo la Washington, Marekani, shule ya msingi ya Ocosta ilijengwa hivyo mwaka 2016, paa la ukumbi wake linabeba watu kama 1,000 na ngazi zake zimeachwa kwa ajili ya mji mzima. Ila sio kila ghorofa linafaa, usije ukawapandisha watoto kwenye ghorofa lolote. Linatakiwa msingi uende chini sana, maana maji yakizunguka nguzo yanachimba mchanga mpaka nyumba inaning'inia, na nguzo zivumilie kugongwa na magogo, magari na boti, na ghorofa ya chini iwe wazi maji yapite. Kule Lampuuk, Aceh, Indonesia, picha za 2004 zinaonyesha msikiti umesimama peke yake na kila kitu pembeni kimefagiwa, na wanaoelewa ujenzi wanasema nguzo nene zilizo wazi chini zilisaidia sana.

Njia nyingine ambayo mi binafsi naipenda kwa vijiji ni kilima cha kutengeneza. Udongo unashindiliwa, kingo zinawekwa mawe, juu pabapa pa kutosha watu wote, mteremko ambao mzee anaupanda bila ngazi na mkokoteni unapita. Siku za kawaida watoto wanachezea hapo na ni vizuri, maana miguu inaizoea njia. Mipango mingi inaweka kilima pembeni ya kijiji kwa sababu ardhi ya pembeni haina mwenyewe, mkatae, kiwe katikati ya wale wenye mwendo mdogo, hata kama inabidi mtu abadilishiwe kiwanja. Na shule yenu ikija kukarabatiwa msikubali irudi palepale, hiyo pesa ndio nafasi ya kuihamishia karibu na hicho kilima.

Kama kijiji kipo kwenye ulimi wa mchanga kati ya bahari na wangwa, nasema wazi, hapo hata kilima ni cha mashaka. Karibu na Aitape, Papua New Guinea, Julai 1998, vijiji vya namna hiyo kwenye mchanga wa Sissano vilifagiwa ndani ya muda mfupi baada ya tetemeko, watu zaidi ya 2,000 wakafa. Waliosalia walijenga upya bara, ng'ambo ya maji.

Mambo vipi mtaalam. Kikundi chetu cha vijana kimepanda mikoko na mivinje, na kuna mradi umeahidi ukuta. Tukiwa na ukuta na msitu si tunaweza kubaki tu?

Poa sana, na hongera kwa kupanda, msiache. Lakini nisikudanganye kijana wangu.

Mji wa Taro, Japan, walikuwa na ukuta wa mita 10 uliojulikana dunia nzima, urefu zaidi ya kilomita 2, na watu wakajenga nyumba nyingi nyuma yake kwa sababu ya ukuta. Mwaka 2011 maji yakaruka juu yake, wapo walioshuhudia kwamba hawakuliona likija maana ukuta ulikuwa umewaziba, na karibu watu 200 walikufa. Halafu Fudai, kijiji cha pwani hiyohiyo, mkuu wake Kotoku Wamura aling'ang'ania lango la mita 15.5 mtoni, likakamilika 1984, alilaumiwa kwamba ametupa hela, na mwaka 2011 lango lile ndilo lililookoa makazi. Mtu mmoja wa Fudai hakuonekana tena, alikuwa ameshuka kuangalia boti yake. Kwa hiyo ukuta unaweza kufanya kazi, sikatai, ukiwa mrefu vya kutosha na ukitunzwa, lakini ukuta unaopewa kijiji kidogo kwa kawaida ni wa mawimbi ya kawaida na mmomonyoko, na hatari yake ni kule kuwafanya watu washuke.

Miti nayo. Msitu mnene na mpana unapunguza nguvu ya wimbi dogo na la wastani, unazuia boti zisirushwe kwenye nyumba, unashika mchanga, na mikoko inalisha samaki kila siku hata tsunami isipokuja. Likiwa kubwa miti yenyewe inakuwa silaha. Rikuzentakata walikuwa na misonobari kama 70,000 ufukweni, ulibaki mmoja.

Kinga ambayo watu wanaibomoa wenyewe bila kujua ni matumbawe na matuta ya mchanga. Sri Lanka mwaka 2004, Hikkaduwa palipokuwa na matumbawe yanayolindwa maji yaliingia kidogo, na kilomita chache tu kaskazini, Peraliya, ambako matumbawe yalikuwa yamechimbwa, wimbi liliingia ndani sana, ndiko lilikopindua treni ya abiria na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Kwa hiyo kwenye mpango wa kijiji chenu andikeni hapachimbwi mchanga wala matumbawe, na kikundi chenu ndicho kisimamie, hilo linaweza kuwa na maana kuliko ukuta mnaoahidiwa. Na nyumba bado zipande.

Nauziwa kiwanja kando ya mto, kilomita 3 kutoka baharini. Muuzaji anasema huku tsunami haifiki. Ninunue?

Shule ya Okawa niliyoitaja hapo juu ilikuwa karibu kilomita 4 kutoka mlango wa mto. Tsunami inapenda mto, hakuna miti, hakuna nyumba za kuipunguza, inapanda ndani mbali kisha inamwagikia kingo zote mbili. Ulizia mwinuko wa kiwanja juu ya alama ya bamvua na usitie saini mpaka uuone umepimwa. Kama ni shamba nunua. Kama ni pa kulala watoto, tafuta kingine. Na ukihamia mlimani angalia na hilo nalo, usikimbie maji ukaingia kwenye mteremko unaoporomoka au udongo laini, Palu kule Indonesia mwaka 2018 maeneo kama Petobo na Balaroa yalikuwa mbali na wimbi lakini tetemeko liliigeuza ardhi ikawa kama uji, nyumba zikazama na watu ndani.

Mimi ni mzee wa miaka 71, nimezaliwa hapa na baba yangu pia. Hakuna aliyewahi kuona hiyo tsunami. Kwa nini vijana wasumbuliwe?

Shikamoo mzee wangu. Sikubishii hata kidogo kwamba hujaiona. Ila miaka 71 kwa bahari ni michache. Hafun, Somalia, walikuwa hawana habari yoyote asubuhi ile ya 2004, tetemeko lilikuwa Sumatra, Indonesia, karibu kilomita 5,000, hakuna aliyetikisika, na karibu saa 7 baadaye bahari iliingia. Somalia nzima ilipoteza karibu watu 300. Saa 7 zingetosha kila mtu kupanda kwa mwendo wa kobe kama kungekuwa na wa kuwaambia.

Kisiwa cha Simeulue kipo karibu kabisa na pale tetemeko lilipoanzia. Mwaka 1907 wimbi liliwamaliza wengi, na waliobaki wakaweka neno lao, smong, wakawafundisha wajukuu kwa nyimbo na hadithi za kulalia, kwamba ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikikauka, usisubiri kitu, panda mlimani. Miaka 97 ikapita. Mwaka 2004 maji yalifika pale dakika chache tu baada ya tetemeko, na kati ya watu kama 78,000 walikufa saba. Walionusurika karibu wote walikuwa hawajawahi kuiona, kama wewe. Waliisikia kwa wazee.

Kwa hiyo mzee, kamati ya ardhi inakuhitaji wewe kuliko inavyonihitaji mimi. Kaa nao siku ile wanapitisha mpira wa maji. Waonyeshe bamvua kubwa kuliko zote ulizowahi kuona ilifika jiwe gani, mto ukifurika unapita wapi, majina ya zamani ya mahali yanasema nini, njia ipi ya mlimani mlikuwa mnapita utotoni na sasa nani amejenga juu yake. Na huyo aliyejenga juu ya njia wape jina lake kabisa, wakaongee naye wakati bado ni jirani anayesikiliza.